Sarufi Ina Wenyewe

Mwaka 1890 Charles Eliot, mwanadiplomasia kijana wa Kiingereza mwenye kipaji kikubwa cha lugha, alichapisha kitabu cha sarufi ya Kifini. Miaka kumi baadaye aliteuliwa kuwa Kamishna wa himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Mwaka 1902 mpaka wa himaya hiyo na Uganda ulisogezwa magharibi, na Naivasha, Nakuru na nyanda zote za Bonde la Ufa la kati zikaingia chini ya amri yake. Eliot ndiye aliyesukuma kwa bidii sera ya kuwaleta walowezi wa Kizungu wazilime nyanda hizo. Alijiuzulu mwaka 1904.

Kule Oxford, kitabu chake cha Kifini kilikuwa kwenye rafu za maktaba ya Chuo cha Exeter. Mwaka 1911 alijiunga na chuo hicho kijana aliyeitwa J.R.R. Tolkien. Alikiazima, akakisoma, akapendezwa mno na sauti na miundo ya Kifini, na muda si mrefu akaanza kuunda lugha yake mwenyewe, Quenya. Hiyo ndiyo lugha ya Waelfi, viumbe wa hekaya za kaskazini mwa Ulaya, wakaazi wa misitu wasiozeeka, ambao leo wanajulikana dunia nzima kupitia vitabu vyake na filamu zilizotokana navyo.

Kuna kiungo kingine ambacho wachache wanakitaja. Mwaka 1905 A. C. Hollis, afisa wa serikali hiyohiyo ya kikoloni, alitoa kitabu kuhusu lugha na ngano za Wamaasai. Mwaka 1909 akatoa kingine kuhusu lugha na ngano za Wanandi. Vyote viwili vina utangulizi, na mwandishi wa utangulizi huo ni Charles Eliot. Ina maana kwamba mtu ambaye sarufi yake ilimfungulia Tolkien mlango wa Kielfi ndiye pia aliyevitambulisha kwa wasomaji vitabu hivi vya Kimaasai na Kinandi, lugha za watu wa bonde hili. Kifini kilipata bahati ya kuangukia mikononi mwa msomaji mwenye ndoto. Kimaasai na Kinandi havikupata bahati hiyo, ingawa vilipita katika mikono ileile.

Nalileta jambo hili kwa ajili ya vijana wa Nakuru na miji mingine yetu wanaocheza michezo ya kuigiza wahusika. Watu wanne au watano huketi mezani, au hukutana kwenye simu zao, kila mmoja akajitwika uhusika wake. Huyu ni shujaa wa upanga, yule mganga, yule Mwelfi wa msituni, na hadithi inatungwa papo hapo kwa mdomo. Wengine hawatosheki na kuigiza tu. Wanataka Mwelfi wao aseme Kielfi. Wanafungua daftari na kuanza kuunda msamiati na sarufi. Wapo watu wazima wanaoliona jambo hilo kuwa upuuzi wa kupoteza muda. Mimi naliona kuwa miongoni mwa mazoezi makubwa ya akili ambayo kijana anaweza kujipa bila kusimamiwa na mtu. Ninachowaomba ni wajue wanasimama juu ya nini.

Tolkien mwenyewe aliitetea kazi hii. Mwaka 1931 alisoma mhadhara kuhusu burudani yake ya siri ya kutunga lugha, na akaeleza jinsi alivyoianza tangu utotoni, katika michezo ya maneno ya watoto wa familia. Alishikilia maisha yake yote kwamba lugha zilitangulia na hadithi zikafuata. Kazi ya Quenya aliianza miaka mingi kabla ya hadithi yake kubwa, The Lord of the Rings, kuchapishwa mwaka 1954 na 1955. Alitunga ulimwengu ili lugha zake zipate mahali pa kuishi na watu wa kuzisema. Na hakuzitoa hewani. Kutoka Kifini alijifunza jinsi nomino inavyoweza kubeba viambishi vingi mwishoni, kila kimoja kikionyesha kama kitu kinatoka mahali, kinaelekea mahali au kimetulia mahali. Kutoka Kiwelishi, lugha ya Wales, alijifunza jinsi konsonanti ya mwanzo wa neno inavyobadilika kulingana na neno lililotangulia, na tabia hiyo akaipa Sindarin, lugha yake ya pili ya Waelfi. Alichokopa hasa ni tabia za lugha, yaani sarufi.

Anayeanza huwa hajui hivyo. Huchora jedwali lenye safu mbili: upande mmoja maneno ya Kiingereza, upande wa pili maneno aliyoyabuni kwa kufuata sikio lake. Mti uitwe hivi, mto uitwe vile, nyota iwe na jina lenye L na R nyingi kwa sababu sauti hizo zinaonekana za Kielfi. Baada ya mwezi ana maneno mia tano. Anatunga sentensi, na kila neno linakaa palepale ambapo la Kiingereza lingekaa. Umoja na wingi ni vya Kiingereza, nyakati ni za Kiingereza, hata misemo ni ya Kiingereza. Gunia la viazi kutoka Molo, hata likijaa pomoni, halijawa chakula mezani, na orodha ya maneno ni hivyohivyo: bado haijawa lugha.

Yeyote aliyekulia katika Kiswahili ana njia nyepesi ya kuliona pengo hilo. Chukua sentensi: mti ule mkubwa ulianguka. Nomino imekaa mwanzoni, na baada yake kila neno limelazimika kuikubali: ule, mkubwa, ulianguka. Ifanye wingi, na sentensi nzima inageuka pamoja: miti ile mikubwa ilianguka. Weka kitabu mahali pa mti na sauti inabadilika tena kuanzia mwanzo hadi mwisho: kitabu kile kikubwa kilianguka. Hakuna anayemfundisha mtoto wa Pwani kanuni hii kwa ubao na chaki. Ameinyonya na maziwa. Mwundaji wa Kielfi akijiuliza, "Waelfi wangu wanagawa vitu katika ngeli gani?", hapo ndipo kazi yake inaanza kweli. Je, watu na wanyama wawe kundi moja kama kwetu? Miti, ambayo kwa Waelfi ni jirani na rafiki, ikae na watu au ikae na vitu? Jibu atakalotoa litaeleza jinsi Mwelfi anavyouona ulimwengu, kuliko maelezo ya kurasa kumi kuhusu mavazi yake na masikio yake yaliyochongoka.

Hata majina ya mahali pa Nakuru na viunga vyake ni somo la sarufi lililotandazwa juu ya ardhi. Nakuru na Naivasha ni majina yaliyotokana na Kimaasai, na ile Na- ya mwanzo, ambayo inasikika pia katika Narok na Nairobi, ni kiambishi rejeshi cha lugha hiyo, kinachoambatanishwa na sifa ya mahali. Ukielekea mitaa ya magharibi ya mji unapata Kaptembwo na Kapkures, na Kap- ni alama ya Kikalenjin ya makazi na umiliki. Ukienda Kiamunyi au Kiamaina unakutana na Kia-, alama ya Kikuyu inayofanya kazi iliyo karibu na hiyo. Kisha kuna Bahati, jina la Kiswahili lisilohitaji maelezo, na kuna mtaa uitwao London. Msafiri wa matatu anayetoka upande mmoja wa mji hadi mwingine amevuka sarufi tatu nne kabla ya kulipa nauli. Tolkien alitumia miaka mingi kuifanya ramani yake iwe na tabaka kama hizo, ili msomaji ahisi kwamba watu mbalimbali walipita hapo na kuacha lugha zao kwenye milima na mito. Kijana wa Nakuru amezaliwa ndani ya ramani ya namna hiyo.

Majina ya watu nayo yana kanuni. Mtoto wa Kikalenjin aliyezaliwa mvua ikinyesha anaweza kuitwa Kiprop akiwa mvulana, au Cherop akiwa msichana. Aliyezaliwa mchana ni Kibet au Chebet. Aliyezaliwa alfajiri ni Kipkoech au Chepkoech. Kiambishi cha mwanzo kinasema jinsia, na mzizi unasema saa au hali ya kuzaliwa. Kwa mchezaji anayekesha akitafuta jinsi ya kuwapa majina Waelfi mia moja wasiofanana lakini wenye udugu wa sauti, mpango kamili uko kwenye orodha ya mahudhurio ya darasa lake.

Ingia ndani zaidi na utaona mambo ambayo watunzi wengi wa lugha za kubuni huyafikia kwa shida. Kinandi, kama sarufi ya Chet Creider na Jane Tapsubei Creider ya mwaka 1989 inavyoonyesha, kwa kawaida hutanguliza kitenzi, kisha mtenda, kisha mtendwa. Na namna ya kumtambua mtenda ni toni: nomino inapandishwa na kushushwa kwa sauti kwa njia moja inapotenda, na kwa njia nyingine inapotendwa. Irabu tano zinazoandikwa zinabeba jozi za sauti, moja ikitamkwa mzizi wa ulimi ukiwa umesogea mbele na nyingine ukiwa umerudi nyuma, na irabu za neno moja kwa kawaida huvutana zikawa za upande mmoja. Anayesikia Kinandi bila kukijua husikia muziki tu. Anayekijua anasikia katika muziki huo nani kafanya nini kwa nani.

Suala la wakati linanivutia kuliko yote. Kiswahili kina -li- kwa yaliyopita, iwe ni saa mbili zilizopita au ni enzi za mababu, nayo -me- kwa yaliyokamilika. Kinandi kinatenganisha yaliyotukia leo, yaliyotukia jana au siku chache nyuma, na yaliyotukia zamani. Kikuyu nacho kinatofautisha jana na zamani za mbali ndani ya kitenzi chenyewe. Msemaji hawezi kusimulia bila kuchagua, kwa hiyo kila simulizi inalazimika kusema umbali wake. Sasa mfikirie Mwelfi aliyeishi miaka elfu moja. Zamani yake si zamani ya mkulima wa Subukia. Huenda vita vya miaka mia tatu iliyopita kwake ni jambo la juzi, na huenda ana kiambishi maalumu kwa yaliyotukia kabla ya binadamu kuzaliwa. Atakayeunda Kielfi chenye nyakati tatu tu alizozoea darasani, zilizopita, zilizopo na zijazo, amempa kiumbe wa milele kalenda ya karani. Lugha za bondeni zingemfundisha njia bora.

Utajiri huo, wasioujua wamewahi kuusikia na kudhani ni kelele. Mwaka 1983 ilitoka filamu ya Marekani iitwayo Return of the Jedi. Ndani yake kuna rubani kutoka sayari ya mbali anayeitwa Nien Nunb, na sauti yake ilitolewa na Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi huko Marekani. Rotich hakubuni kitu. Alizungumza Kikalenjin na vipande vya Kikuyu. Watazamaji wa nchi nyingi walitoka ukumbini wakiamini wamesikia lugha ya anga za juu. Watazamaji wa Kenya wanaojua lugha hizo walimwelewa ndugu yao. Rotich aliitwa tena kumtolea sauti mhusika huyohuyo katika filamu ya 2015, The Force Awakens. Nafurahi kwa ajili yake, na naelewa furaha ya Mkenya aliyesikia lugha ya nyumbani ikirushwa kwenye nyota. Hata hivyo, tuseme ukweli wote. Lugha mbili zenye wasemaji kwa mamilioni, zenye toni, methali na mashairi, zilitumika kama sauti ya ugeni kwa sababu waliotengeneza filamu walikuwa na hakika kwamba watazamaji wao hawatazitambua. Kifini kilipoingia katika Quenya kiliheshimiwa kama sarufi. Lugha zetu zilipoingia katika filamu zilitakiwa mlio wake tu.

Wala haiwezi kusemwa kwamba kubuni lugha ni jambo geni kwetu. Watoto wa Waswahili wamecheza kinyume kwa vizazi vingi: silabi ya mwisho inaletwa mbele, nyumba inakuwa mbanyu, samaki anakuwa kisama, na mtu mzima aliyekaa karibu anabaki akikodoa macho. Askofu Edward Steere, alipokuwa akiandika kitabu chake cha Kiswahili cha Zanzibar katika karne ya 19, alikiona kinyume kuwa kitu cha kuwekewa mfano kitabuni. Kinyume ni siri tamu, ila sarufi yake ni ya Kiswahili tupu. Kimegeuza maneno, hakijagusa mpangilio.

Sheng, lugha ya vijana wa mijini Kenya, imekwenda mbali zaidi. Katika mitaa kama Kivumbini na Bondeni, na katika matatu zinazoingia na kutoka Nax, kama vijana wanavyouita mji wao, msamiati hubadilika kwa kasi. Pesa imekuwa ganji, doo, chapaa, mkwanja. Stori imegeuzwa kuwa risto. Neno linalotumiwa na wakubwa wa mtaa huu, wadogo wa mtaa wa pili tayari wameliacha. Lakini sikiliza sentensi: wasee wawili wamedishi chapo. Dishi, yaani kula, si kitenzi cha kamusi, na chapo ni chapati iliyokatwa mkia, ila wa- imerudi mara tatu kama inavyopaswa kurudi. Mathe amenishow, yaani mama ameniambia: kitenzi kimetoka Kiingereza, nacho kimeingizwa ndani ya a-, -me- na -ni- bila kuulizwa pasipoti. Hata pale ambapo mazungumzo ya bara yanapunguza upatanisho, mtu akasema vitu ingine, upunguzaji huo una utaratibu unaoeleweka na wote. Chege Githiora, katika kitabu chake cha mwaka 2018, ameieleza Sheng kama sehemu ya Kiswahili cha Kenya kinachoishi na kukua, na nakubaliana naye. Mamia ya maneno yanaingia na kutoka kila mwaka, na lugha inabaki kuwa ileile kwa sababu mpangilio wake umeshikilia.

Nao watunzi wa maneno rasmi wamejifunza jambo la upande wa pili, kwamba neno jema peke yake halijilazimishi. Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, aliyeishi kuanzia 1927 hadi 2017, alichimba katika Kiswahili cha kale na kuunda maneno kwa ajili ya vyombo vipya. Neno lake runinga limeingia katika habari za kila jioni nchini Kenya na linasemwa na watoto wasiomjua aliyeliunda. Neno lake jingine, ngamizi, alilopendekeza kwa ajili ya kompyuta, halikupata bahati hiyo. Yote mawili yalitoka kwa fundi mmoja, kwa ujuzi uleule. Tofauti iliamuliwa na wasemaji. Mchezaji aliyetunga maneno elfu mbili ya Kielfi na akakuta wenzake mezani wanatumia ishirini tu asikate tamaa, kwa maana amepata jibu lilelile lililompata Nabhany. Hayo ishirini ndiyo lugha yake kwa sasa. Aanzie hapo.

Kwa nini basi kijana wa bonde hili, mwenye lugha tatu kinywani, anapoketi kuunda lugha hufuata Kiingereza bila kujua? Sababu moja iko shuleni. Vizazi vya wanafunzi wa Kenya wamevishwa kibao shingoni, au wamechapwa, kwa kosa la kusema lugha ya mama katika eneo la shule. Ngũgĩ wa Thiong'o ameliandika hilo kwa uchungu katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind. Adhabu ya namna hiyo hufunza zaidi ya kunyamaza. Inafunza kwamba lugha ya nyumbani haina kanuni, ni mazoea tu ya wasiosoma, na kwamba sarufi ni mali ya lugha za kigeni. Anayeamini hivyo hatamuuliza nyanya yake jinsi kitenzi chake kinavyotofautisha jana na zamani. Atatafuta sarufi ya Kifini kwa sababu Tolkien alifanya hivyo, huku mwenye sarufi yenye nyakati hizo zote anamenya viazi katika chumba cha pili.

Hapa narudi kwa Hollis, na kwenye deni lililo nyuma ya vitabu vyake. Hollis alipochapisha kitabu chake cha Kimaasai mwaka 1905, mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu mkataba wa 1904 uliowaondoa Wamaasai kutoka nyanda za Naivasha na Nakuru, wengi wao wakapelekwa Laikipia ili mashamba yapatikane kwa walowezi. Kufikia wakati huo mlowezi Lord Delamere alikuwa ameshapewa ekari 100,000 karibu na Njoro. Kitabu cha Wanandi kilipotoka mwaka 1909, ilikuwa miaka minne tangu kiongozi wao Koitalel arap Samoei auawe kwa risasi na mwanajeshi wa Kiingereza, Oktoba 1905. Sarufi iliandikwa kwa uangalifu, ngano zikakusanywa kwa heshima, na wakati huohuo ardhi ambako lugha hizo zilisemwa ikachukuliwa. Vitabu hivyo ni vyema, na nawasihi vijana wavisome. Wavisome wakijua kwamba watu waliokaa na Hollis wakimfafanulia vitenzi vyao ndio waliokuwa na ujuzi, naye alikuwa mwanafunzi wao.

Kunyang'anywa ardhi hakukuishia hapo. Waelfi wa hadithi wanakaa msituni, wanajua kila mti kwa jina, na msitu ukikatwa wanahuzunika. Magharibi ya Nakuru, katika Msitu wa Mau, pande za Mariashoni na Nessuit, wanaishi Waogiek, watu wa kweli, wafuga nyuki na warina asali, wenye lugha yao katika jamii ya Kikalenjin. Wamefukuzwa msituni mara nyingi, na serikali ya kikoloni na baadaye na serikali huru. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao, zikiwemo haki za ardhi, dini na utamaduni. Tarehe 23 Juni 2022 mahakama hiyohiyo ikaamuru walipwe fidia. Msamiati wa mizinga, maua, aina za asali na nyakati za kurina hauwezi kulindwa na daftari peke yake, kwa sababu maneno hayo yanahitaji mtu anayepanda mti kufikia mzinga, na mtoto aliye chini akiuliza maswali. Mwelfi wa kubuni hatapoteza msitu wake mpaka mtunzi atake. Mwogiek alilazimika kwenda mahakamani.

Silileti hili ili kumkataza mtu kucheza. Nalileta kwa sababu kijana anayeunda lugha ya watu wa msituni, saa moja kwa gari kutoka kwa watu wa msituni walio hai, ana nafasi ambayo Tolkien hakuwa nayo. Tolkien alikutana na Kifini kupitia kitabu cha maktaba. Kijana wa Nakuru anaweza kukutana na Kiogiek, Kinandi, Kimaasai na Kikuyu kupitia jirani, mwalimu, mama mkwe, dereva wa bodaboda. Anaweza kuuliza na kusahihishwa papo hapo. Anaweza pia kuambiwa kwamba neno fulani ni la sala au la jando na halifai mchezo, na akilisikia hilo anyamaze na kulitii.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa waundaji wa Kielfi ni huu. Anzeni na sarufi kabla ya orodha. Amueni Waelfi wenu wanagawa vitu katika makundi gani, wanapimaje umbali wa wakati, wanamtambuaje mtenda na mtendwa, na wanasalimianaje kwa umri. Tungeni maneno machache na mlazimishe kila moja kupita katika kanuni hizo hadi mezani wote wazoee. Kopeni tabia za lugha bila hofu, maana hivyo ndivyo lugha zote zilivyofanya, Kiswahili kikiwa mstari wa mbele. Msichukue maneno ya watu walio hai na kuyafanya mlio wa kigeni katika kinywa cha kiumbe wa ajabu. Na walimu wenye vilabu vya lugha, wapeni wanafunzi kazi hii. Mwanafunzi aliyejenga ngeli zake mwenyewe hatauliza tena ngeli zina faida gani.

Mwenye daftari la Kielfi leo afungue la pili, amwendee mtu aliye karibu naye anayejua lugha vizuri kuliko yeye, amwombe amfundishe, aandike alichofundishwa kwa usahihi, na aliyemfundisha, akiridhia, atajwe kwa jina katika ukurasa wa kwanza.